Namna 109 Ilivyoteremshwa Ikiwa na Mzigo

Ukisikiliza sifa za Land Rover 109 vijiweni, nyingi ni za kupanda: ilivyojitoa kwenye tope la Loliondo, ilivyovuka korongo maji yakiwa yamefika miguuni mwa dereva. Sibishi. Lakini kupanda ndiko kulikokuwa rahisi. Gari likishindwa mlima linasimama, watu wanashuka, mzigo unapunguzwa, safari inaendelea. Mteremko hauna msamaha huo, na huko ndiko dereva wa 109 alikojulikana kama ni dereva au ni mshika usukani tu.

Yetu, mimi na kaka yangu, ilikuwa pikapu ya Series IIA, ya petroli, tuliyoinunua mnadani ikiwa tayari imechakazwa na kazi za watu wengine. Tuliitumia kutoa vitunguu Mang'ola kwenda Karatu, na bei ikiwa nzuri tulishuka nayo hadi Mto wa Mbu. Lami ilikuwa bado. Ilifika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Basi hali ndiyo hii: uko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, barabara ni ya vumbi na kona, Ziwa Manyara liko chini mkono wa kulia, na nyuma yako kuna magunia ya lumbesa yenye uzito ambao kiwanda hakikuufikiria. Injini ni ya sentimita za ujazo 2,286, nguvu za farasi 77. Unaishushaje?

Kwa breki, hapana. 109 ya wakati ule ilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne, na mafuta ya breki yalipita kwenye mfumo mmoja tu. Bomba moja likivuja, zote nne zimekwenda. Hata zikiwa nzima, dramu ikipata moto inatanuka na kukimbia breki shuu, laini zinapoteza mshiko, na pedali inazidi kuzama kila unapokanyaga. Dereva aliyeanza kukanyaga breki kona ya kwanza alikuwa hana kitu mkononi akifika kona ya mwisho. Breki tuliziweka akiba, kwa ajili ya ng'ombe na kwa ajili ya basi linalopanda katikati ya barabara.

Breki ya mkono nayo ina siri ambayo wengi waliigundua siku mbaya. Kwenye gari hili haishiki magurudumu. Dramu yake ndogo imekaa nyuma ya transfa, pale propela ya kwenda nyuma inapoanzia. Ina nguvu kweli, maana inashika kabla ya difu, lakini nguvu hiyo inafika barabarani kwa kupitia shafti mbili nyembamba zilizo ndani ya ekseli. Shafti moja ikikatika, difu inazunguka bure, na hapo unapoteza vitu vitatu kwa mpigo: msukumo wa injini, uzuiaji wa injini, na breki ya mkono. Unabaki na pedali na utingo. Ndiyo maana utingo wetu hakukaa kabini hata mvua ikinyesha. Alikaa juu ya magunia na gogo lake la kuzuia gurudumu, na gari likisimama mahali popote penye mwinamo alikuwa chini kabla mimi sijafungua mlango.

Dawa ya hatari hiyo ilikuwa imewekwa na kiwanda chenyewe, sakafuni, ila ilitaka mtu anayeelewa anachokishika. Kuna kirungu cha njano na kirungu chekundu. Cha njano ukikibonyeza chini, magurudumu ya mbele yanaungana na ya nyuma bila difu ya katikati. Faida yake inayotajwa siku zote ni tope. Mteremkoni faida ni nyingine: sasa uzuiaji wa injini unagawanywa kwa magurudumu manne badala ya mawili, na shafti ya nyuma ikikatika, injini na breki ya mkono bado vimeshika ekseli ya mbele. (Wale waliofunga loki za kuachia magurudumu ya mbele ili kuokoa mafuta ilibidi washuke wazifunge kwanza; asiyezifunga alikuwa amebonyeza kirungu bure.)

Halafu gia. Series IIA ina gia nne za mbele, lakini vile vikoni vya kulinganisha mwendo, vinavyofanya gia iingie kwa ulaini, vimewekwa kwenye ya tatu na ya nne peke yake. Ya kwanza na ya pili unaziingiza kwa akili yako. Sasa, ya tatu ina uwiano wa karibu 1.5 kwa 1, na ya pili karibu 2.2. Maana yake, kama injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika katika gia ya tatu na gari linaanza kukuzidi nguvu, ukitaka kupangua kwenda ya pili kwa mwendo uleule injini lazima ifike karibu 3,000. Hakuna saa ya mizunguko kwenye dashibodi. Unakanyaga klachi, unatoa gia na kuiweka frii, unaachia klachi, unapiga mafuta hadi sauti ipande kiasi unachokijua, unakanyaga klachi tena, unaingiza. Mguu wa kushoto umefanya kazi mara mbili, wa kulia mara moja, na yote hayo yamechukua muda wa kusema jina lako.

Tatizo ni kwamba katika muda huo gari liko huru. Tani moja na ushee ya vitunguu inaongeza kasi, na kila nukta unayochelewa ile 3,000 inageuka 3,200, kisha 3,400. Ukipiga mafuta kwa kipimo cha mwanzo, gia inasaga na kukataa. Anayeanza hung'ang'ania kuisukuma ya pili kwa nguvu. Mzoefu anarudi haraka kwenye ya tatu, ambayo inaingia kwa hiari yake, anagusa breki kupunguza mwendo, kisha anajaribu upya. Nimesikia watu wakisifia dereva kwa "kupangua bila kukwaruza" kana kwamba ni mbwembwe. Mimi naona sifa kubwa zaidi ni kujua pa kurudi ukikataliwa.

Kaka yangu aliukwepa mtihani huo wote kwa hesabu, na hapa namvulia kofia. Alisimama juu kabisa, pale panapokaribia tambarare, akavuta kirungu chekundu. Hicho kinaipeleka transfa upande mzito, na wakati huohuo kinaunganisha magurudumu ya mbele chenyewe. Ukiwa upande huo, gia ya nne inakuwa na uzito unaokaribiana na ya pili ya kawaida, na ya tatu inakaribiana na ya kwanza ya kawaida. Unaona alichokifanya? Zile gia mbili zisizo na vikoni amezibadilisha na mbili zenye vikoni. Sasa anaweza kutoka nne kwenda tatu katikati ya kona bila kukanyaga klachi mara mbili, na gari halipati nafasi ya kukimbia.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mlima unashukwa ukiwa bado juu."

Alikuwa na sababu ya kiufundi. Kirungu chekundu kinaingia vizuri gari likiwa limesimama. Ukishaanza kuteremka umechelewa. Utasikia meno yakilia na hutapata kitu. Kutoka upande mzito kurudi wa kawaida, kinyume chake, kunawezekana gari likitembea, kwa hiyo chini tambarare hatukuhitaji kusimama tena.

Hata hivyo madereva wengi hawakufanya hivyo, na sikuwaona wajinga. Upande mzito unakwenda taratibu sana, injini inanguruma, na petroli ya bei haimfurahishi mwenye gari. Wengine walikwenda mbali zaidi wakapiga frii kabisa ili kuokoa mafuta. Hao nisingepanda nao hata kwa nauli ya bure.

Mtu akikata shafti kwa sababu ya lumbesa, ukarabati wake ni kitu cha kutazama. Bolti sita kwenye kitovu cha gurudumu. Hakuna jeki, gurudumu halitolewi. Unagonga kidogo flanji ikuachie, unavuta, na nusu ya shafti inatoka na mafuta meusi ya gia. Nusu nyingine imebaki ndani ya difu. Hapo fundi anazunguka upande wa pili, anachomoa na ile nzima, anapitisha fimbo ndefu ya chuma na kukisukuma kipande kitokee upande ulikovunjikia. Kama huna shafti ya akiba, unaziba matundu kwa matambaa mafuta yasimwagike, unabonyeza cha njano, na unarudi nyumbani ukivutwa na magurudumu ya mbele. Series III, iliyotoka mwaka 1971, ilikuja na vikoni kwenye gia zote nne, na baadaye 109 zikapewa ekseli nene ya nyuma aina ya Salisbury. Madereva waliozianzia hizo hawana haja ya nusu ya niliyoyaandika hapa, na wana haki ya kutuona tunajisumbua.

Tukifika Mto wa Mbu, kabla ya kujadili bei na mtu yeyote, utingo alizunguka na kopo la maji akidondoshea kidogo kila dramu. Maji yakitulia na kuchuruzika, alinyamaza akaanza kufungua kamba. Yakichemka, alinitazama, akasema, "Bosi, leo umeshuka kwa mguu," na siku hiyo chai ilikuwa juu yangu.