Gari Likisema Ta!

Kasese, magharibi mwa Uganda, ni mji wa joto. Vilele vya Rwenzori vina barafu, lakini mji wenyewe umekaa chini bondeni, na ukifika Kikorongo ukakata kulia kwenda Bwera, jua halikupunguzii kitu. Vitabu vya magari vilivyoandikwa nchi za baridi vinalaumu theluji betri inapokufa. Huku muuaji ni jua. Linakausha maji, linazila sahani za ndani polepole, na mwenye gari hana habari mpaka siku anapozungusha ufunguo akasikia ta! halafu basi.

Hapo kila mtu ni daktari. Dereva wa bodaboda anasema betri, muuza ndizi anasema betri, na askari aliyekuwa anapita anasimama kuthibitisha kwamba ni betri. Mara nyingi wanapatia, na hilo ndilo tatizo, kwa sababu siku wanapokosea mtu ananunua betri mpya bure. Fundi ninayempenda ni yule asiyetamka neno hilo kabla gari halijajibu maswali yake.

Yupo mmoja wa namna hiyo Bwera, kando ya barabara iendayo mpakani Mpondwe. Alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Beni, Kongo, na Toyota ya gia otomatiki, aina ambayo huwezi kuisukuma ikawaka kama tulivyozoea zamani. Mzee alikuwa ameshakata shauri: "Batri iko mupya, fundi. Ni stata. Unipatie ingine." Fundi hakubisha. Hakufungua hata boneti. "Papa, zungusha tena," alisema, akainamisha kichwa.

Alichokuwa anasikiliza ni hiki. Juu ya stata kuna solenoidi, yaani sumaku ya umeme inayovuta pini ili kigia kidogo kikamate flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Mvuto huo ndio unaotoa mlio. Pini ikifika mwisho inabana visahani vya shaba, na ni kupitia hapo umeme mkubwa unaingia kwenye mota, ampea 100 na zaidi hata kwa gari dogo. Basi gari likisema ta-ta-ta-ta-ta kwa haraka, betri ina nguvu ya kuvuta pini tu. Mzigo wa mota ukiingia, volti zinaporomoka na sumaku inaachia. Mzigo ukitoka, volti zinarudi na sumaku inavuta tena. Ndiyo maana redio inaimba vizuri kabisa huku gari limekataa: redio haihitaji umeme mwingi. Lakini ta moja, nzito, ni habari nyingine. Pini imefika, na kazi haikufuata.

Hili lilikuwa ta moja.

"Washa taa kubwa, papa. Sasa zungusha." Fundi alisimama mbele ya gari akiwa amekinga macho kwa kiganja. Taa zikizimika kabisa, kuna mahali umeme umezibwa au betri imekwisha. Zikififia sana, betri imechoka, au mota imekwama inavuta umeme bila kuzunguka. Hizi zilitikisika kidogo tu zikaendelea kung'aa. Umeme ulikuwepo, ila hakuna aliyeutumia.

Mtu mwenye haraka angeng'oa stata hapo hapo. Yeye alifungua boneti akashika vichwa vya betri kwa vidole, kimoja kimoja. Kichwa kilicholegea au kilichoota ukungu wa kijani hupata moto gari likijaribu kuwaka, na mkono unalijua hilo kabla ya mita. Vilikuwa baridi. Akaunga waya mnene kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye chuma cha injini, maana ethi iliyooza, yaani waya wa hasi unaoshika chuma, huwadanganya wengi. Ta, vile vile. Mwisho akaingia chini na mita. Kwenye nati ambapo waya wa betri unaingia kulikuwa na volti 12. Upande wa pili wa solenoidi, unaokwenda kwenye mota, mzee akizungusha ufunguo: sifuri. Umeme ulikuwa unafika mlangoni na kurudi.

Sasa ndipo stata ilipong'olewa. Visahani vilikuwa vimelika upande mmoja, vyeusi, vyenye vishimo. Kila gari linapowaka cheche hunyofoa chembe, na baada ya miaka pini inafika lakini haigusi. Ni ugonjwa unaojulikana sana kwenye stata za Toyota. Shaba, tena Kasese! Mji wa Kasese ulikuzwa na shaba ya mgodi wa Kilembe, na reli ililetwa kutoka Kampala mwaka 1956 ili kuibeba mpaka kwenye tanuru la Jinja. Fundi hakuonyesha kujali historia hiyo. Alikuwa anatafuta kipande kinene cha shaba kwenye kopo la spea, akakikata, akakipiga tupa, akakipima dhidi ya kile cha zamani, akakipiga tupa tena. Visahani viwili vikitofautiana unene, pini itabana kimoja na kukiacha kingine, na mzee atarudi wiki ijayo.

Wapo wanaopiga stata kwa spana mpaka iamke. Inaamka, kweli, na ukiwa porini piga. Fundi huyu haichukii mbinu hiyo, ila anakataa kuilipisha.

Gari liliwaka kwa mkupuo wa kwanza na mzee akaingiza mkono mfukoni. Fundi akamwomba asubiri, akapima betri injini ikiwa inanguruma: volti 14, alteneta inachaji. Halafu akamwambia azime. "Washa. Zima. Washa tena, papa." Visahani vibovu hukubali mara moja na kukataa mara ya tano, kwa hiyo kuwaka mara moja hakukuwa ushahidi kwake, na mzee, ambaye mzigo wake ulikuwa unamsubiri forodhani, alizima na kuwasha huku akinung'unika mpaka fundi alipotikisa kichwa kukubali.