Mradi Ukiisha, Kipaza Sauti Kinabaki kwa Nani?

Yaya wangu anaishi Dayton, jimbo la Ohio, Marekani. (Kwetu Kongo yaya ni ndugu mkubwa, siyo mlezi wa watoto. Ndugu zetu Watanzania msicheke.) Alipita hapa hapa Nyarugusu kabla ya kusafiri. Jioni akitoka kazini anafungulia redio ndani ya gari, na siku nyingine ananitumia kipande kwa WhatsApp. Mimi nakisikiliza usiku, nikiwa na bando. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, kwa hiyo narudia kipande mara tatu, mara nne. Pengine ndiyo maana nimesikia vitu ambavyo mwenye haraka angevipita.

Redio yenyewe inaitwa WYSO. Ilizaliwa mwaka 1958 katika Yellow Springs, mji mdogo usiofika watu elfu nne, uliokulia ubavuni mwa chuo cha Antioch. Leo inasikika mpaka Dayton na Springfield, lakini bado ina harufu ya kule ilikozaliwa. Habari kubwa za Washington zinapita, halafu anakuja mtu wa jirani: kuna muziki mahali fulani Jumamosi, kuna filamu, kuna mkutano wa wakazi, karibuni.

Mimi nilianza kusikiliza vitenzi. Kwao jirani anaalika, anapiga gitaa, anauza mboga. Sasa njoo huku kwetu, usikilize spika ya asubuhi. Mnatangaziwa. Mnakumbushwa. Mnatakiwa mfike na kadi. Mtapewa. Sisemi tangazo la mgao ni baya, nani asiyelingoja? Nasema hivi: mtu akitusikiliza kwa spika peke yake, ataamini kwamba hapa hakuna anayefanya kitu, sote tumekaa tunangoja kufanyiwa. Kumbe wiki hiyo hiyo kuna kwaya mbili zinashindana, kuna fainali ya mpira ya vijana, kuna mama anafundisha kushona chini ya mwembe, kuna msiba wa mzee aliyejulikana kambi nzima. Hayo hayatangazwi. Yanapita mdomo kwa mdomo, na asiye na jirani mzuri anayakosa.

Tangu 2011 redio ile ina kazi inayoitwa Community Voices. Wanachukua watu wa kawaida, siyo waandishi wa habari, wanawafundisha kurekodi, kukata sauti, kuandika maneno ya kusomwa, halafu kazi yao inaingia hewani. Mkazi hasemi tu mbele ya kinasa sauti alichoshikiwa na mgeni. Anakishika mwenyewe, anachagua swali, anachagua kipi kikatwe. Ndugu zangu, hapo ndipo penye nguvu. Aliyehojiwa ametoa maneno yake, lakini anayekata sauti ndiye anayeamua maneno hayo yatakuwa na maana gani.

Tena redio hii imepita kwenye shida ambazo wasomaji wa humu mnazijua kwa jina lingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uongozi ulipunguza vipindi vya watu wa pale, na wasikilizaji wakapiga kelele kwamba redio yao ibaki ya mji. Mwaka 2008 chuo chenyewe kilifungwa kwa kukosa fedha, kikafunguliwa tena 2011. Redio haikunyamaza. Mwaka 2019 ilitoka mikononi mwa chuo ikaenda kwa shirika lisilo la faida, kwa dola milioni 3.5. Tusidanganyane, mji usio na wenye uwezo haupati fedha kama hizo. Halafu Julai 2025 serikali ya Marekani ikafuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimepangiwa redio na televisheni za umma nchi nzima. Mwaka huo huo misaada ya nje nayo ilikatwa, na hilo hatuhitaji redio kutuambia. Sufuria zetu zilitueleza.

Siwasifu tu. Redio nyingi za aina hii, zikimwita mkimbizi, zinamuuliza swali moja: ulikimbiaje? Na sisi tumeshazoea, tunajibu vizuri, machozi mahali pake. Yaya wangu ana mawazo kuhusu kodi ya nyumba, kuhusu mabasi ya Dayton, kuhusu mwalimu wa mtoto wake. Nangoja siku atakapoulizwa hayo. Mkazi anaulizwa anaonaje mji. Mgeni anaulizwa alikotoka tu. Ukiulizwa hivyo miaka kumi, bado ni mgeni.

Sasa nirudi nyumbani. Miaka michache iliyopita mradi fulani ulikuja kurekodi wazee wetu. Vijana walipewa fulana na mafunzo ya siku tatu, na mimi nilikuwemo. Nilimrekodi mzee mmoja kutoka Fizi, karibu saa mbili nzima: namna walivyovua ziwani, majina ya pepo za Tanganyika, mashauri ya ndoa. Mradi ulipoisha tulirudisha vinasa sauti, tukasaini karatasi, fulana zikabaki. Mzee alipofariki, binti yake alinifuata. Hakuomba fedha. Aliomba sauti ya baba yake, aiweke kwenye simu. Niliuliza ofisi moja, nikatumwa nyingine. Aliyekuwa na flashi ameshahamishwa nchi. Mpaka leo nikikutana na yule binti kisimani naangalia chini.

WYSO imeweka kanda zake za zamani, za tangu miaka ya chuo, na watu wanazirudia leo kusikia mji wao ulisema nini wakati ule. Hapa Nyarugusu watu wapo tangu 1996. Tungeulizwa kanda zetu ziko wapi, tungejibu nini?

Wenzetu wa mashirika mnaosoma haya, siombi jengo wala mnara. Mkiandika mradi wa sauti, andikeni humo humo mambo matatu. Mafunzo yafike mpaka kwenye kukata sauti. Vinasa sauti viwili tu vibaki kwa kikundi cha wakazi, kwa sahihi. Na kila aliyerekodiwa apewe nakala yake kabla gari halijaondoka.

Na sisi wakazi tusingoje hayo. Simu tunazo. Jumapili hii, kwaya ikimaliza, mtu mmoja asimame atangaze ya wiki: nani anaoa, nani anacheza, nani amefiwa. Mimi nitarekodi. Na safari hii flashi nitakaa nayo mwenyewe.