Kuziba Kioo cha Mbele Kinachovuja

Kioo cha mbele cha gari hushikwa kwa njia mbili. Magari ya muundo wa zamani, kama Land Rover Defender za zamani, yana raba yenye mifereji miwili: mmoja hubana kioo, mwingine hubana mdomo wa bati. Magari mengi madogo ya Kijapani yanayofika Mkula, wilayani Busega, yana kioo kilichogandishwa kwenye bodi kwa gundi ya poliurethani. Jua la kiangazi hukausha raba hadi ipasuke, na vumbi hujikusanya chini ya mdomo wake. Mvua za vuli zikianza, kapeti hulowa.

Maji yanapodondokea sipo yanapoingilia. Hupenya juu, hufuata ukingo wa kioo, kisha hutokea pembeni mwa dashibodi. Kwa hiyo mtu mmoja hukaa ndani na tochi, mwingine humwagia kioo maji polepole kutoka nje, akianzia chini na kupanda. Akianzia juu, maji hulowesha kila mahali na chanzo hakijulikani. Boliti za keria nazo zikaguliwe, kwani maji yanayopenya hapo huteremkia kwenye nguzo za mbele na kioo kikasingiziwa.

Raba ambayo bado ni laini haihitaji kung'olewa. Mdomo wake huinuliwa kwa kijiti cha plastiki, vumbi huondolewa, panaachwa pakauke kabisa, kisha gundi laini isiyoganda huingizwa upande wa kioo na upande wa bati. Raba iliyopasuka hubadilishwa. Mpya huvalishwa kioo kwanza, kamba hupitishwa kwenye mfereji wa nje, hupakwa maji ya sabuni, halafu kamba huvutwa kutoka ndani huku msaidizi akisukuma kioo kutoka nje.

Silikoni ya kawaida inayonuka siki ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Asidi yake huchochea kutu, na mabaki yake huzuia gundi sahihi kushika baadaye. Kuipaka juu ya ukingo ni kuyafungia maji ndani ya bati.

Kioo kilichogandishwa hutolewa kwa kuikata gundi yake kwa waya mwembamba. Gundi ya zamani iliyoshika vizuri huachwa tabaka la milimita 1 hadi 2, maana gundi mpya huishika vyema. Kutu husuguliwa mpaka bati jeupe, kisha hupakwa praima. Hatua hii isiharakishwe hata kidogo, kwa sababu gundi iliyowekwa juu ya kutu hubanduka pamoja nayo. Gundi mpya hutolewa kwa mstari mmoja usiokatika, wenye umbo la pembetatu, na kioo hukalishwa kabla haijaota ngozi.

Poliurethani hukomaa kwa unyevu wa hewa, hivyo kiangazi huchelewa. Muda wa kusubiri kabla ya kuendesha huandikwa kwenye tyubu na hufuatwa, kwa kuwa katika magari mengi kioo hicho huegemewa na mfuko wa hewa wa abiria unapofyatuka. Jaribio la maji hurudiwa gundi ikishakomaa, kapeti likiwa limekunjwa pembeni.