Kuchelewesha si Kukawia: Istilahi za Kunasa Sauti Nyumbani

Kadiri vyombo vinavyobadilika ndivyo lugha inavyodaiwa maneno mapya, na mara nyingi deni hilo hulipwa kwa pupa. Katika makala hii tunakusudia kuzipima istilahi tatu zinazotumiwa na watu wanaonasa muziki nyumbani kwa kinasasauti cha kanda, huku wakiitumia kompyuta kuipamba sauti. Tunaona kwamba matumizi hayo yanachanganya mambo ambayo Kiswahili chenyewe kimekwisha kuyatenganisha.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Kampuni ya TEAC ilipotoa mashine ya Portastudio mwaka 1979, mtu mmoja aliweza kunasa sauti nne mbalimbali juu ya kanda moja ya kaseti akiwa chumbani mwake. Mashine za namna hiyo zina tundu la kutolea sauti na tundu la kuirudishia. Hapo awali nyaya za matundu hayo ziliunganishwa na visanduku maalumu vya umeme. Siku hizi zaweza kuunganishwa na kompyuta. Kompyuta huigeuza sauti kuwa namba, huzifanyia namba hizo hesabu, kisha huzigeuza tena kuwa umeme unaorudi katika mashine.

Yale yanayoongezwa na kompyuta wengi huyaita “athari”. Neno hili halifai. Athari ni alama au matokeo yanayobaki baada ya jambo, na mara nyingi jambo hilo ni baya: twasema athari za ukame, athari za ugonjwa. Msikilizaji akiambiwa kwamba wimbo umetiwa athari, atadhani umeharibika. Kiswahili kina neno vikorombwezo, yaani madoido yanayotiwa katika uimbaji ili kuunogesha. Hilo ndilo tunalolipendekeza.

Istilahi ya pili ni mwangwi, ambayo imebebeshwa mizigo miwili. Mtu akipaza sauti mbele ya jabali, sauti yake humrudia ikiwa kamili. Huo ndio mwangwi. Mafundi waliupata kwa utepe: utepe ukienda sentimita 19 kwa sekunde, na kichwa cha kusomea kikiwa sentimita 5 kutoka kichwa cha kunasia, sauti hurudi baada ya takriban robo ya sekunde. Lakini mtu akiimba katika ukumbi mkubwa, sauti zinazorudi husongamana hata zisihesabike, nazo hufifia pamoja. Huo tungependa uitwe mvumo. Kampuni ya EMT ya Ujerumani iliuunda mwaka 1957 kwa bamba la chuma lililotundikwa.

Istilahi ya tatu ndiyo yenye hasara kubwa zaidi. Kompyuta haishughulikii sampuli moja moja ya sauti, bali hukusanya fungu kwanza. Fungu la sampuli 1,024, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huchukua takriban milisekunde 23 wakati wa kuingia, na nyingine kama hizo wakati wa kutoka. Muda huo hakuna aliyeuomba. Hata hivyo maelezo mengi huuita “ucheleweshaji”, jina lile lile la kikorombwezo kinachorudisha sauti baada ya muda uliochaguliwa na fundi. Mwanagenzi akiambiwa “punguza ucheleweshaji”, ashike kitufe kipi? Huenda akakipunguza kikorombwezo alichokitaka, na kasoro ikabaki pale pale.

Kasoro yenyewe si ndogo. Kompyuta ikirudisha mvumo peke yake, milisekunde chache hazina madhara makubwa. Lakini ikirudisha pia sauti halisi, sauti hiyo hukutana na ile iliyopita moja kwa moja ndani ya mashine. Hata kwa fungu la sampuli 128, tofauti ya milisekunde zipatazo 6 husalia. Baadhi ya mawimbi hufutana, na mwimbaji husikika kama aliye ndani ya bomba. Sauti mbili hizo zikishanaswa pamoja katika kanda, hazitenganishiki tena.

Sarufi yetu inatoa dawa. Kuchelewesha ni kitenzi cha kutendesha: yupo mtendaji, naye amekusudia. Kukawia hakuhitaji mtu wa kukusababisha. Basi ucheleweshaji uwe jina la kikorombwezo, na ukawiaji uwe jina la kasoro. Wako watakaosema kwamba “uchelewaji” ungetosha. Lakini maneno mawili yanayokaribiana hivyo kwa matamshi yatachanganywa upesi kazini. Wengine watataka kutohoa. Kutohoa si dhambi, maana kaseti na kompyuta tumezipokea; lakini hatuoni sababu ya kukopa kile ambacho tayari tunacho.

Tunawaomba mafundi wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao, nao wasomaji watuletee maoni yao, hasa wale wenye neno bora kuliko mvumo.