Sifa za Mfunga Redio

Kuanzia Juni, misitu ya miombo ya Kibondo na Kasulu inapokauka, haikosi moshi mahali. Mrina asali ameacha kinga cha moto chini ya mti. Mkulima amechoma shamba, upepo ukamzidi nguvu. Jioni watu hurudi na masizi usoni, nasi huwasifu kwa matawi mabichi waliyopiga nayo moto na kwa mikanda ya kuzuia moto waliyofyeka. Wanastahili. Lakini yupo mmoja asiyetajwa kamwe, kwa sababu kazi yake ilikwisha miezi mingi kabla ya moto: fundi aliyefunga redio kwenye gari la kiongozi wao.

Nilimfahamu mmoja hapa Busunzu, mzee aliyefanyia kazi chini ya mwembe kando ya barabara iendayo Kibondo. Ufundi huo haukuletwa kwetu na moto. Uliletwa na vita vya majirani. Warundi walipokimbilia kwetu mwaka 1993, na Wakongo walipowekwa kwenye kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, barabara zetu zilijaa Land Cruiser zenye antena ndefu kwenye bampa la mbele na redio za Codan kutoka Australia ndani. Mafundi walitoka mbali kuja kuzifunga. Vijana wa hapa waliwashikia tochi, na kwa kushika tochi wakajifunza. Baadaye magari ya misitu na ya wanyamapori, yale yanayoshuka hadi pori la akiba la Moyowosi, yakaanza kupita chini ya mwembe ule.

Mzee alianza na kukwangua. Kabla hajafungua boksi la redio alimpa mwanafunzi msasa na kumwonyesha mahali antena itakapokaa. Kijana alikwangua rangi, akaita, mzee akaja kuinama. "Kwangua tena, mwanangu, bado sijaona chuma." Alifanya hivyo hata kwenye gari jipya linalong'aa, dereva akiguna pembeni. Bodi ya gari ndiyo nusu ya pili ya antena, na rangi ikibaki katikati, nusu hizo mbili hazijuani. Akishapata chuma cheupe alibana, akapaka grisi juu kuzuia kutu, kisha akaendelea mahali ambapo fundi wa leo hapagusi: boneti, milango, hata bomba la ekzosi, kila kimoja akakiunganisha na chesesi kwa utepe wa shaba uliosukwa. Waya wa umeme haukuunganishwa njiani. Ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu na betri yenyewe, na kila ulipotoboa bati ulivishwa raba. Ncha hakuzichomelea kwa risasi, alizibana kwa koleo, maana mtikisiko wa barabara zetu hukata waya pale hasa risasi inapoishia.

Kisha alisikiliza. Sehemu hii niliipenda kuliko zote. Alifunga vioo, injini imezimwa, akawasha redio peke yake na kukaa. Alipoizoea sauti ya anga tupu, alimwambia dereva awashe gari. Dizeli haina plagi za kurusha cheche, hilo lilimfurahisha, lakini alteneta ina mlio wake mwembamba unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, naye aliusubiri. Taa. Waipa. Feni. Kimoja kimoja, na kila kilichotia mkwaruzo kwenye spika alikifuata hadi mzizi wake. Saa nzima ingeweza kupita kwa ajili ya feni. Wenye haraka walimwona msumbufu. Mimi niliona mtu anayejua kwamba siku moja, ndani ya kelele ile ile, kutakuwa na sauti hafifu inayosema upepo umegeuka.

Kiongozi wa wazima moto alihitaji redio mbili, na mzee alizifunga zisiingiliane. Ya kwanza, ya VHF, ilikuwa ya kuzungumza na wenye redio za mkononi, nguvu yake ikiishia kwenye mlima wa kwanza. Kwa hiyo gari lilipandishwa mgongoni mwa kilima, likapokea habari za bonde moja na kuzipeleka la pili. Redio ya upepo, ya mawimbi mafupi, ilikuwa ya kuita Kibondo au Kigoma. Ile antena ndefu aliikunja nyuma na kuifunga kwa kamba. Wengi walidhani anaiepusha na matawi. Alikuwa anayaelekeza mawimbi juu, yapande hadi tabaka la anga linaloyarudisha, yashuke ng'ambo ya milima. Aliuliza pia, "Mtaongea mchana au usiku?" maana masafa yanayofika mchana hupotea jua likizama, na ya usiku huwa chini zaidi.

Haya si anasa ya mafundi. Mwaka 1970 mioto ya California iliua watu 16 ndani ya siku 13, na moja ya sababu zilizoonekana baadaye ni kwamba vikosi vilivyotoka idara mbalimbali havikuweza kusemezana. Mfumo wa uongozi wa matukio ya dharura ambao leo unatumika duniani ulizaliwa kwenye aibu hiyo. Kwetu, Kilimanjaro ilipowaka Oktoba 2020, mamia ya watu walipanda kuzima, wengi wao wakiwa watu wa kujitolea. Mtu aliye kwenye mteremko haoni moto ulioko nyuma ya ukingo. Lazima aambiwe.

Siku hizi tunaambiana kwa simu. Minara imefika, nami nafurahi, lakini ukishuka kuelekea mabonde ya mto Malagarasi mtandao unakata, na hata unapokuwepo, simu husikiwa na mmoja. Redio husikiwa na wote kwa pamoja, pamoja na yule ambaye hukujua yuko hatarini. Nazo kambi za wakimbizi zimefungwa moja baada ya nyingine, Mtabila mwaka 2012, Mtendeli mwaka 2021, na magari yaliyokuwa shule yetu yamekwenda na antena zake. Karibuni nililiona gari la doria lenye redio bora kuliko yoyote aliyowahi kuishika mzee. Umeme wake ulitoka kwenye tundu la kuwashia sigara, na antena ilisimama kwa sumaku juu ya rangi nene. Dereva alisema redio huzimika kila akivuka korongo, akalisema hilo kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Mzee hayupo tena. Vyuo vya ufundi vya VETA hufundisha umeme wa magari, na mwalimu mmoja mwenye msasa na masikio angetosha kurithisha hiki kilichobaki. Wanafunzi wawili wa mzee niliowajua wako Kahama. Wanafunga muziki na ving'ora vya wizi kwenye magari ya watu, kwa sababu huko ndiko kuliko na mteja anayerudi kulalamika mkwaruzo ukisikika.