Ngalawa na Sese: Tanga Moja, Vyombo Viwili

Msomaji, ikiwa unasoma katika shule ya Mbita, Kendu Bay, Karungu au Muhuru, yamkini ulikutana na neno ngalawa vitabuni kabla ya kukiona chombo chenyewe kwa macho. Chombo ukionacho ufukoni kila siku ni sese, ambacho wazee wa Kijaluo hukiita yie. Fasihi ya Kiswahili ilikulia pwani, nayo imeisifu sana ngalawa. Sese haikupata wasifaji wengi. Yafaa basi tuviweke vyombo hivi viwili bega kwa bega na kuvipima kwa haki, maana wako wanaodhani kwamba chombo kisichosifiwa ni chombo duni.

Tuanze na jambo ambalo vyombo hivi vinashirikiana. Ngalawa, na sese iendayo kwa upepo, hutumia tanga la aina moja: tanga la pembetatu, lililofungwa kwenye foromali na kupandishwa mlingotini. Mfanano huu haukuzuka wenyewe. Vyombo vya kale vya visiwa vya Ssese, huko Uganda, ambako sese ilipata jina lake, viliendeshwa kwa makafi. Tanga lilifika ziwani katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani. Kwa hiyo mvuvi wa Rusinga avutaye kamba ya tanga lake ni mwanafunzi wa shule ile ile aliyosomea mvuvi wa Lamu.

Lakini chini ya tanga hilo moja, miili ni miwili kabisa. Ngalawa huchongwa katika gogo moja, mara nyingi la mwembe. Mwili wake ni mwembamba, nao peke yake ungepinduka upesi. Kwa sababu hiyo hutiwa mirengu, yaani mbao zinazoshikwa na boriti pande zote mbili. Chombo kinapoinama, mrengu wa upande ule hukanyaga maji na kukizuia. Sese haina mirengu. Mkuku wake ni gogo refu lililochongwa, na juu yake hupandishwa mbao, ubao juu ya ubao. Zamani mbao hizo zilishonwa kwa nyuzi za mimea. Siku hizi hupigwa misumari, na nyufa huzibwa kwa pamba.

Ni kipi kilicho bora? Kwa upana na shehena, sese yashinda bila ubishi. Huchukua nyavu, samaki na watu kadhaa, hali ngalawa huwabana wachache katika mfereji wake mwembamba. Tena ubao wa sese ukioza, fundi huung'oa na kutia mwingine. Gogo la ngalawa likipasuka vibaya, huenda ikabidi kutafuta mwembe mwingine mkubwa. Lakini kwa kwenda bisho, yaani kuupanda upepo kwa mikato ya upande upande, na kwa kusimama imara katika dhoruba, ngalawa yastahili tuzo.

Hata hivyo tusiihukumu sese kabla ya kuyatazama maji yake. Pwani, upepo wa kusi huvuma kwa miezi mingi kutoka upande wa bahari, na mvuvi atakaye kutoka hana budi kushindana nao. Homa Bay na Migori ziko upande wa mashariki wa ziwa. Usiku na alfajiri, nchi kavu ikiwa imepoa, upepo huelekea ziwani na kumpeleka mvuvi kazini. Alasiri, nchi ikiwa imepata joto, upepo hugeuka na kumrudisha nyumbani. Mwenye kupelekwa na kurudishwa na upepo ana haja ndogo ya kwenda bisho. Udhaifu wa sese katika jambo hilo ni udhaifu ambao ziwa lenyewe hulisamehe.

Liko jambo moja ambalo ziwa halisamehe. Dhoruba za Ziwa Viktoria huja kwa ghafula, na mawimbi yake ni mafupi yenye kusimama wima. Hapo ndipo tofauti kubwa ya vyombo hivi ionekanapo. Waliobuni ngalawa waliijengea tahadhari ndani ya mwili wake: nahodha akikosea kidogo, mrengu humsahihisha. Waliojenga sese waliiacha tahadhari hiyo mikononi mwa mabaharia. Ni wao wanaopaswa kuketi upande utokako upepo ili chombo kisilale. Ni wao wanaopaswa kuliona wingu jeusi mapema na kuteremsha tanga kabla halijafika. Maarifa hayo ni sehemu ya chombo kama ulivyo mkuku. Sese iliyochukuliwa na kijana asiyeyajua ni sese pungufu, hata kama mbao zake zote ni mpya.

Neno hili ni zito, kwa kuwa ziwa hili limemeza watu wengi. Leo injini imefika, na katika sese nyingi shetri imekatwa bapa ili injini ipate kufungwa. Injini humwokoa mvuvi na utulivu wa upepo, lakini haimfundishi kusoma mawingu, na siku inapozimika katikati ya Mfangano na bara, dhoruba haimwulizi ana nini shetrini.

Basi hukumu yangu ni hii: ngalawa ni chombo salama zaidi, na sese ni chombo kinachodai baharia bora zaidi. Ukiwa na babu aliyepata kuendesha tanga, mwulize jinsi alivyoujua upepo kabla haujafika. Na ukipanda sese, vaa jaketi la kuokolea, kwa kuwa mirengu haina.