Ami Asiye Ami

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise (1994), niliisoma zamani kwa Kiingereza nikadhani inaukashifu utamaduni wetu wa pwani. Nimeirudia kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022, nikaona nilikosea.

Yusuf ana miaka 12. Tajiri Aziz anamchukua kwa sababu baba yake anadaiwa. Mtoto amezoea kumwita ami. Huko dukani Khalil, naye rehani vilevile, anamkanya: huyo si ami yako, mwite Seyyid. Gurnah hakumfanya Aziz katili. Ni mpole, ananukia manukato, na kila akija alimpa mtoto sarafu. Deni peke yake lisingemtoa Yusuf kwao. Ule uami ndio uliomwezesha baba kumtoa bila kuona haya. (Mimi mhandisi, nimezoea kuuliza mzigo unabebwa na nini.)

Kwetu alikuwako kijana tukimwita kaka. Alichota maji, alilala ukumbini, hakusoma. Mimi nilifika chuo kikuu Uingereza. Mshahara wake sikuuona, wala sikuwahi kuuliza.